Shimo Kati ya Vijiti

Shimo la kumi lilinipa minyoo thelathini na mmoja, nikafurahi kama mtu anayesikia hodi na chungu kiko jikoni tayari. Niliwahesabu mara mbili kwenye sinia, wekundu, wanene, wanajikunja ndani ya maji ya tope. Kisha nikawarudisha shimoni, nikawatilia kiganja cha pumba na vichwa viwili vya dagaa, nikafukia kwa mguu. Ndivyo mama alivyonifunza tulipokuwa tukichimba chambo hapahapa, mimi nikiwa na miaka sita: shimo haliachwi tupu. Umelifungua tope, umelisumbua, basi lipe kitu.

Niliinuka taratibu, maana goti langu la kulia lina sheria zake. Vijiti vilikuwa kumi, vyeupe, vimepangwa kutoka kwenye mikoko hadi pale maji yanapoishia yakipwa. Vijana wa Kituo walivichomeka miaka kumi na moja iliyopita, wakaniambia, bibi, kila bamvua, maji yakipwa mpaka mbali, chimba kando ya kila kijiti, kina cha kiwiko, uhesabu minyoo, utupe namba. Hawakuniambia zaidi, nami sikuuliza. Nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini kuhesabu najua, na tope nalijua kuliko watu wengi wenye vyeti.

Nyuma yangu kulikuwa na nyumba tisini na tatu na moshi mmoja. Moshi ulikuwa wa kwangu. Wengine wote walihamia mlimani bahari ilipoanza kuingia vyumbani, na binti yangu kule amenitengea kitanda kwenye korido. Mimi nikabaki kwa ajili ya ndege. Ndiyo sababu niliyowapa watu, nayo ni ya kweli, ingawa sikuwaambia kwamba ndege ndio pekee wanaokuja hapa kijijini Chiwambo siku hizi bila kuniuliza nitahama lini.

Nilirudi barazani, nikanawa, nikawasha simu ya upepo.

"Shikamoo bibi," akasema Fidea. Huyu ni mtaalamu wa Kituo cha Ndege Wahamaji, yuko mjini mbali. Sijawahi kumwona uso, ila akiwa na mafua nayajua.

"Marahaba, mjukuu wangu. Andika." Nikamsomea namba kumi.

Akapiga hesabu, kisha akasema, "Wastani wako ishirini na sita. Pwani nzima hakuna aliyekufikia. Anayekufuata ni Mzee Chitanda, kumi na tano."

"Kumi na tano zangu ni za halali," ikadakia sauti nyingine, maana laini hiyo tunaisikia wote. Chitanda ni mlinzi wa ghuba inayofuata, kusini, saa sita kwa mwendo wa ndege. Zamani alikuwa fundi cherehani. "Huyo anawapikia, Fidea. Muulize vizuri, ana sufuria huko topeni."

"Mtani, ungejua kuchimba usingekwenda kushona."

"Cherehani ilinilea. Wewe tope limekupa nini, zaidi ya goti?"

"Limenilisha mpaka leo, na nguo ulizoshona zimechanika zote."

Fidea alicheka, kisha akarudi kazini. "Kiongozi Saba anafika asubuhi hii, bibi. Kundi liko nyuma yake, elfu sita, karibu wote makinda wa mwaka huu. Kwa namba hizi, saa tisa inua mkono wa mlingoti."

"Nitauinua."

Nikafagia baraza. Hakuna aliyekuwa anakuja kukaa barazani, lakini nilifagia.

*

Zamani makinda walikuwa wanakuja wenyewe. Wazazi hutangulia, makinda hubaki kule kaskazini mpaka mabawa yakomae, kisha wanaruka bila kuonyeshwa njia, nchi baada ya nchi, mpaka kwenye tope letu. Nani aliwaelekeza, hakuna aliyejua. Baadaye joto likakausha mabwawa ya kule, taa za watu zikajaa mpaka baharini, na mwaka mmoja makinda hawakufika. Mwaka uliofuata vilevile.

Ndipo wataalamu wakatengeneza viongozi. Ni ndege arobaini wa kuundwa, mwili mwepesi kama ganda la kitunguu, wanakula jua. Makinda wa kila aina, wakubwa kwa wadogo, wanawafuata. Kiongozi akifika kwenye ghuba iliyomwita anatua, anafunga mabawa, analala siku arobaini betri yake ipone, na kundi linakaa naye. Hapo ndipo penye tatizo. Ndege aliyezoea kufuata tangu utotoni hachagui tena. Pakiwa na chakula atakula, pasipokuwa nacho atakaa vilevile, kando ya kiongozi wake aliyelala, mpaka afe kwa njaa. Miaka ya mwanzo mashine peke yake iliita kundi kwenye ghuba moja ya kaskazini ambayo tope lake lilipendeza kwenye picha za angani. Ndege waliokufa waliondolewa kwa mafagio. Tangu hapo wakakubaliana kwamba kila ghuba iwe na mtu, achimbe kwa mkono wake, na neno la mwisho liwe lake.

Neno langu ni ule mlingoti mbele ya nyumba. Una mkono wa chuma. Nikiuinua, mlingoti unatoa mlio ambao sikio la mtu halishiki, lakini kiongozi anausikia kutoka mbali sana. Mimi huujua kwa maji ya mtungini, yanatetemeka. Nisipouinua, kundi linapita.

*

Saba alifika saa nne na nusu, ametangulia kundi lake, akatua juu ya mlingoti kungoja neno langu. Ukimtazama ni ndege sululu kabisa, mdomo mrefu umepinda kama jambia, manyoya ya udongo yenye mistari. Kitu kimoja tu humtambulisha: mlingoti anaotua yeye hauchafuki.

Sikumjali sana. Nilichukua darubini kumtafuta mwenye uhai, na nikampata, ametua peke yake pembezoni mwa maji, pete ya kijani mguu wa kushoto. Huyu ni sululu mzee. Alijifunza njia kabla viongozi hawajaanza, na anakuja kwa akili yake. Mimi humwita Mama Mkwe, kwa sababu hutembea akinung'unika na kuchungulia kila kona kama anayetafuta vumbi.

"Karibu, mama," nikamwambia kutoka barazani. "Mwaka huu umeikuta nyumba imejaa."

Akaanza kula. Yaani nilidhani anakula. Alizamisha mdomo, akautoa, akapiga hatua tatu, akauzamisha tena. Sululu akipata mnyoo anamvuta, anarusha kichwa nyuma, unaona koo likishuka. Kwa Mama Mkwe koo halikushuka. Alitembea hivyo kuvuka uwanda wote, karibu nusu saa, nami darubini inanilemea mkono. Nikasema labda amechoka. Nikasema labda ni macho yangu.

Kisha akafika kijiti cha sita. Alizamisha mdomo, akavuta, akarusha kichwa. Tena. Tena. Alikula pale mpaka nikapoteza hesabu, akizunguka kijiti kwa miguu yake mirefu. Alipomaliza alitoka hatua tano, akazamisha, hakupata kitu. Akasimama akitazama upande wangu. Akaenda kijiti cha saba, akala. Akatoka, hakupata. Cha nane, akala.

Niliteremsha darubini. Mkono wangu mwingine ulikuwa mfukoni mwa gauni, ndani ya pumba.

Nilipoinua macho tena Mama Mkwe alikuwa ameruka. Hakuzunguka, hakupumzika. Alielekea kusini peke yake, chini chini juu ya maji, mpaka akawa nukta, na nukta ikaisha.

*

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Nilichukua jembe nikatoka mbio, mbio zangu za siku hizi. Hatua ishirini kutoka kijiti cha nne, mahali ambapo sikuwahi kupagusa miaka yote hiyo, nilichimba. Jembe liliingia kwa mlio nisioujua, kama mtu anakoroga sukari. Chini ya kiganja kimoja cha tope kulikuwa na mchanga mtupu. Hakuna mnyoo.

Nikachimba kati ya cha tano na cha sita. Hakuna. Kati ya cha saba na cha nane, mmoja, mwembamba kama uzi. Maji yakanifika kwenye kifundo, nikachimba tena, hakuna.

Miaka miwili iliyopita, upande wa pili wa rasi, walijenga ukuta wa kuzuia bahari isile mji mpya. Nilijua mchanga umehama. Niliuona ufukweni. Lakini namba zangu zilikuwa nzuri, na mtu mwenye namba nzuri hatazami tena chini. Nilikuwa nimefuga minyoo katika mashimo kumi, kwa pumba na vichwa vya dagaa, kwa heshima ya mama yangu, na katikati yake ghuba ikafa.

Nikakumbuka na jambo lingine, nalo lilinikalisha chini pale pale kwenye maji. Mwaka jana niliokota vitwitwi arobaini na tatu kwenye mikoko, vile vindege vidogo vya ufukweni vinavyokimbia kama vimetiwa ufunguo. Vilikuwa vyepesi mkononi kama karatasi. Nilivizika. Nikajiambia ni uchovu wa safari, sikumwambia mtu.

*

"Fidea, futa namba za asubuhi."

"Kwa nini tena, bibi?"

Nikamwambia. Sikupunguza: pumba, dagaa, mchanga, na wale arobaini na tatu.

"Miaka kumi na moja?" akauliza polepole.

"Kila bamvua."

"Bibi, hakuna mahali tulipoandika usiweke kitu."

"Nanyi hamkuandika niweke."

Chitanda alikuwa kwenye laini, nilimsikia anapumua.

"Ngoja nipige hesabu," akasema Fidea. Vidole vyake viligonga muda mrefu. "Ukiwaita, kwa minyoo wa vijiti na hao wachache waliobaki, wana chakula cha siku mbili. Tatu tukiwa na bahati. Tunaweza kuomba chakula kiletwe kwa ndege za mizigo. Wiki mbili, wakikubali."

"Na Saba atalala siku arobaini."

"Ndiyo."

"Nisipowaita?"

"Wanaunganisha mpaka kwa Mzee Chitanda. Saa sita zaidi, juu ya maji, na tumbo tupu. Mashine inasema mia nne na kumi hawatafika. Wengi watakuwa wale wadogo."

Nilitazama mtungi. Maji yalikuwa yametulia, yanaonyesha dari.

"Kuna kitu lazima nikwambie kama ofisi," akaendelea, na sauti yake ikawa ya mtu anayesoma. "Ghuba ambayo haikuita inafungwa. Watakuja kung'oa mlingoti kabla ya mwezi wa kumi, na simu hii. Utahamishiwa mlimani." Kisha akaacha kusoma. "Na hiki nakwambia mimi, Fidea. Namba zako za asubuhi bado sijazifuta. Ukiinua mkono saa tisa, hakuna atakayekuuliza. Pengine chakula kitawahi. Hata mimi sijui lililo sawa, bibi. Hawa mia nne ni wa leo jioni. Wale wengine bado tuna siku za kuhangaika nao."

Alikuwa ananihurumia, na huruma yake ilikuwa na njia ndani yake. Niliiona njia hiyo yote. Niliona elfu sita wakishuka kama walivyoshuka kila mwaka, ghuba ikigeuka kuwa na sauti, nami nimekaa barazani na watu wangu. Siku mbili. Labda tatu. Siri ya ubaya wangu ni kwamba nilizitaka hizo siku mbili.

"Mtani," nikasema. "Kumi na tano zako. Unachimba wapi?"

"Popote. Vijiti vyangu vilichukuliwa na maji mwaka juzi. Nachimba pale goti linapokubali kuinama."

"Na unarudisha nini shimoni?"

"Nirudishe nini? Mimi fundi cherehani, nani alinifunza adabu ya tope?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikacheka, kidogo.

"Litawatosha wote, wako na wangu?"

"Nikikwambia ndiyo nitakuwa nakufariji. Watabanana. Watakonda. Lakini kuna kitu ndani ya tope, Bi Somoe, kila mahali nilipogusa. Niletee tu. Nitakaa nao."

"Fidea," nikasema, "futa."

*

Saa tisa ilifika na mkono wa chuma ukabaki chini. Nilikaa karibu na mtungi, viganja viwili juu ya mapaja nisije nikasahau vinafanya nini. Juu ya mlingoti Saba aligeuza kichwa kunitazama, mara moja, mara mbili, kama mtu aliyeuliza kitu na hajajibiwa. Yeye hajui kukasirika. Baada ya robo saa alifungua mabawa, akaenda kulipokea kundi lake angani.

Walikuja saa kumi na moja na nusu. Kwanza nilidhani ni wingu linalohama vibaya, kisha nikasikia. Makinda hupigiana kelele njia nzima wasipoteane, na sauti elfu sita juu ya nyumba tupu tisini na mbili zinarudi mara mbili mbili kutoka kwenye kuta. Walikuwa chini sana, nikaona matumbo meupe, nikaona wengine wanapiga bawa moja kwa kusitasita. Sehemu ya mbele ya kundi iliinama kuelekea topeni, nikajua wanaiona ghuba, wanaitaka. Saba hakuinama. Wakanyooka tena, wakamfuata.

Walichukua dakika tisa kupita. Nilisimama uwanjani kichwa wazi, kwa sababu nilidhani mtu anayefanya kitu kama kile asikae ndani.

Mwisho kabisa, nyuma ya wote, kulikuwa na wachache waliokuwa wanashuka. Si kwa kuamriwa. Walikuwa wameishiwa tu. Vitwitwi tisa vilijitenga, vikaanguka zaidi kuliko kutua, upande wa juu ambapo maji yalikuwa yameanza kutoka na vijiti vitatu vya kwanza vimechomoza. Vikakaa vimejikunyata bila kiongozi wa kuvitazama. Nilitamani kuvisogelea, lakini nikabaki mbali. Baada ya muda kimoja kikainuka, kikakimbia kidogo, kikasimama. Kikachoma mdomo hapa, hakuna. Kikachoma pale. Kikaenda hivyo chenyewe, kikihangaika, mpaka kwenye kijiti cha pili.

Hapo kikavuta.

Vingine vikaona, vikakimbilia.

*

Asubuhi vitwitwi sita vilikuwa vimeondoka. Sikuviona vikiruka, na hakuna aliyeviambia viende wapi. Vitatu vilikuwa vimekufa kando ya kijiti cha kwanza. Nilivizika, na safari hii nilimpigia Fidea kabla sijaosha mikono.

"Shikamoo bibi. Wamefika saa sita za usiku."

"Wangapi?"

"Bibi, si lazima—"

"Wangapi hawakufika?"

"Mia tano na kumi na mbili."

Nikaokota kipande cha mkaa nikaandika ukutani, 512, kwa tarakimu za darasa la tatu. Chini yake nikaandika 3. Nikasogea pembeni nikaandika 43. Si ukuta wa mtu mwingine, ni wangu mpaka mwezi wa kumi.

"Mtani," akaita Chitanda. Sauti ilikuwa imekauka, hakuwa amelala. "Nyumba yangu haikaliki kwa kelele. Wamekaa hadi juu ya paa la choo."

"Kuna mmoja mwenye pete ya kijani?"

"Mguu wa kushoto? Yuko mbele yangu hapa. Ananung'unika."

"Mwache anung'unike. Usimpikie."

"Nani, mimi?" Kisha akasema chini chini, "Ukihamia huko mlimani, Bi Somoe, simu yangu itakuwa inaongea na nani?"

Nikamwambia maji yamekupwa, nina kazi.

Fidea alikuwa amesema ghuba ambayo bado haijafungwa inatakiwa ipimwe, kwa hiyo nilikwenda kupima. Kwanza nilitembea mstari mzima nikang'oa vijiti, kimoja kimoja, nikavifunga kwa kamba nikaviweka begani. Uwanda ulibaki bila alama yoyote, umelala mweupe mpaka mbali, na juu yake hapakuwa na kitu kinachotembea ila mimi. Nikaenda mpaka goti likakataa. Hapo nikachimba, kina cha kiwiko, nikapepeta mchanga kwenye sinia, nikatazama kwa makini, nikatazama tena.

Nilipoinama kufukia, mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni wenyewe na kutoka na pumba. Nikazitazama kiganjani. Nikamkumbuka mama, kanga yake imelowa mpaka kiunoni, ananionyesha. Kisha nikazirudisha mfukoni, nikafukia shimo tupu.

"Nipe namba, bibi," akasema Fidea.

"Hakuna," nikasema. "Andika hakuna."